Vanishi ya Wakwe

Jumatano nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Bariadi, nikisubiri kupimiwa misumari. Mbele yangu mzee mmoja wa kofia ya pama alikuwa akitafuta kitu cha kupaka sakafu ya baraza lake jipya la mbao, lililo nje, juani na mvuani.

Muuzaji akaweka makopo mawili juu ya kaunta. "Hii ni vanishi. Inang'aa, ila jua la huku litaibandua. Haya ni mafuta ya mbao. Hayang'ai, lakini yanaingia ndani na yanadumu."

Mzee akaigonga vanishi kwa kidole. "Hii."

"Baba, mwaka hauishi utaikwangua yote."

"Wakwe wanakuja Jumamosi kumposa binti yangu."

"Sasa baba, unataka ya kudumu au ya wakwe?"

Mzee akakuna kidevu. "Ya kudumu mpaka wakwe waondoke."

Tukacheka wote, naye akatoka na kopo kwapani.

Wiki iliyofuata nikamkuta palepale akinunua msasa. Nikamuuliza habari za wageni. Akashusha sauti. "Nilipaka Ijumaa, mvua ikanyesha, haikukauka. Mshenga aliposimama ili yeye na wakwe watoke kujadiliana, viatu vikabaki vimenata sakafuni."

"Na posa?"

"Wakakubali ng'ombe wote niliotaja. Wangetoka vipi?"

Kwa baraza la nje, ndugu msomaji, bado nashauri mafuta ya mbao. Kwa posa, sina tena uhakika.