Mama Karibuni Huanzia Mkiani

Jina lake lote ni Mama Karibuni, binti Mwashi, mjukuu wa Mchimba Visima. Babu yake, ambaye ni baba yangu mimi, alichimba visima vya nusu ya mji huu na hakuna hata kimoja kilichobomoka. Baba yake, kaka yangu, alijenga ukuta wa chuo zamani hizo kikiwa shule ya ufundi yenye vibanda vitatu. Na yeye, mtoto niliyemlea kwa mikono hii tangu mama yake alipofariki, ndiye aliyekijaza watu chuo hicho kilipogeuka chuo kikuu, tena kikajaa bila kupasuka. Mimi nimesoma shule ya msingi tu, lakini kichwa changu hakivuji, na haya niliyaona.

Alipopewa kazi ya kusimamia udahili, yaani kupokea wanafunzi wapya, aliikuta ofisi na mtindo wake. Walikuwa wakiita watu wengi kuliko nafasi, maana kila mwaka karibu nusu ya walioitwa hawakutokea. Akafuata mtindo ule ule, akatia saini barua. Mwaka huo wakaja wote.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani yangu, dukani, nyuma kabisa ya chuo. Foleni ilitoka getini, ikazunguka ukuta, ikafika mlangoni kwangu, vijana na ndoo zao na magodoro yamefungwa kamba. Baba mmoja aliyemsindikiza binti yake akaniuliza, "Mama, hii foleni ya chuo au ya maji?"

"Ya chuo," nikamjibu. "Ya maji huwa inasogea."

Kule getini makamu mkuu wa chuo, mtu wa tai hata jua liwe kali namna gani, alikuwa ameshatoka. Walinzi walinisimulia baadaye.

"Funga geti," alimwambia mwanangu. "Walioingia wameingia. Hao wengine warudi kwao, tutawaita mwakani."

"Mzee, barua wanazo, na saini ni yangu."

"Utawaweka wapi?"

"Kulala, ukumbi wa michezo upo. Kusoma, nipe wiki moja."

"Wiki moja. Ukishindwa wataondoka, na wewe utawatangulia."

Mwingine angerudi ofisini kulia. Yeye alifuata ukuta, hatua kwa hatua, mpaka mkia wa foleni. Nikamwona huyo mlangoni, viatu vyote vumbi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona huku, kazi si iko getini?"

"Wa mbele wameshaliona geti. Wa mwisho hajui hata kama amefika."

Akamwendea binti wa mwisho, aliyekuwa amekalia ndoo yake, akampa mkono. "Karibuni," akasema kwa sauti ya kusikika na wengine. "Hakuna anayerudi." Hapo ndipo jina lilipomganda. Mimi nilijua alikoutoa ule mwendo. Marehemu kaka yangu alikuwa akikagua ukuta kuanzia alikoishia, akisema ndiko mkono ulikokuwa umechoka.

Jioni ile nilifunga duka, nikashona mapazia ya kugawa ukumbi, wasichana huku, wavulana kule. Kulala kukapatikana. Kigumu kikabaki mashine, kwa sababu kwenye ufundi asiyeshika chuma ametazama tu, hajasoma. Mashine za kukereza vyuma zilikuwa chini ya fundi mkuu tuliyemwita Mzee Grisi. Suti yake ya harusi niliishona mimi, na doa la kwanza alilitia siku ya kupimwa. Mwanangu akamfuata karakanani, nami nilikuwa nimempelekea chakula.

"Binti Mwashi," mzee akaanza, "tangu niingie hapa hakuna mtoto aliyepoteza kidole. Ukinirundikia watu, mama zao utawaeleza wewe?"

"Mashine moja watu wangapi, nawe ukalala usingizi?"

"Wanne. Wa tano anasukuma."

"Basi wanne. Na mchana mashine zako hufanya nini?"

"Hupumzika."

"Zimekwambia zimechoka?"

Mzee akacheka bila kupenda. Kumbe shida yake ilikuwa kukosa wasaidizi. Wakaelewana. Wapya wagawanywe mafungu mawili. Asubuhi fungu moja lishike chuma na jingine liwe darasani, mchana wabadilishane. Kila mashine isimamiwe na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na Mzee Grisi awajaribu kwanza yeye mwenyewe. Wazembe aliwatimua siku hiyo hiyo.

Wiki ilipotimia, makamu akaja mchana, akasimama mlangoni mwa karakana. Mashine zote zilikuwa zinazunguka, wanne wanne, na Mzee Grisi akimfokea kijana mmoja: "Kunja hiyo mikono ya shati, hapa hujaja kuposa." Makamu akapita mashine hadi mashine akitafuta wa tano. Hakumpata. Akalegeza tai.

"Geti liacheni wazi," akasema.

Mwanangu hakuvimba kichwa. Mtindo wa zamani aliufuta. Tangu hapo mashine ndizo zilizotangulia, watu wakafuata. Makamu akitaka wanafunzi zaidi, alete mashine zaidi. Ndiyo maana leo karakana zimeenea mpaka kulikokuwa na mashamba, wanafunzi ni mara nne ya wale, na vidole vya watu vipo vyote.

Mwaka huu anastaafu. Siku ya kupokea wapya alikuja dukani na dada wa kompyuta atakayeshika nafasi yake.

"Lakini mama," yule dada akasema, "siku hizi wanajisajili kwa simu. Foleni ya nini?"

"Ile pale, kwenye ukuta wa baba yangu," mwanangu akamjibu. "Mizigo haisajiliwi kwa simu."

Dada akatazama, akacheka kidogo. "Basi niende getini?"

"Geti lina walinzi. Wewe anzia mkiani. Mpe mkono wa mwisho, mwambie karibu, umuulize ametoka wapi. Kila mwaka, hata ukiwa mkubwa, hata mvua inyeshe."

Akamkabidhi mwavuli wake, akamwelekeza kwa kidole.

"Yule pale, mwenye begi jekundu. Nenda."