Mgagani wa Mwaka Ule

Kila mboga ya mgagani inapochemka, na mvuke wake mchungu ukanipanda puani, namwona shangazi yangu amekaa kwenye kigoda, mkono wake umesimama juu ya bakuli.

Ilikuwa enzi za Wajerumani, reli imefika Dodoma karibuni tu. Baba alikwenda kuijenga, akafia huko kwa homa. Mama naye hakuimaliza masika iliyofuata. Nikaacha shule ya misheni, maana nilikuwa mkubwa, na nyuma yangu walikuwepo wadogo zangu, Ndahani na Nyemo. Shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Bahi, akasema bila kuzunguka:

"Mavuno yakiisha nitarudi. Nikiona jiko lako halilishi watu, binti yangu, Ndahani ataenda kuchunga kwa baba yenu mdogo, na Nyemo nitamchukua mimi."

Nanyi mnajua Ugogo kulivyo: mboga huja zote pamoja na mvua, kisha nchi inakauka. Mama alikuwa na msemo wake: "Mboga ya kiangazi hutafutwa tope likiwa miguuni." Basi tukachuma mlenda na mgagani kandokando ya shamba la uwele, tukaanika juu ya tembe letu, kwenye paa la udongo. Nyemo alikaa huko juu kutwa akifukuza kuku, akiwatukana kwa majina ya majirani. Majani yalipokauka nikayatwanga, nikajaza vibuyu. Nilivyojivuna! Mlenda tukawa tunaula; mgagani nikauficha kwa ajili ya mgeni.

Shangazi akatokea uwele ukiwa tayari ghalani. "Mbukwa!" akaita mlangoni, tukaitikia salamu yake kwa sauti kubwa kupita kiasi. Nikasonga ugali, nikaunga mgagani kwa karanga.

Ndahani alitangulia kutia tonge kinywani. Machozi yakamlengalenga. Akameza.

"Vipi, baba, mtamu?" shangazi akamuuliza.

"Mtamu, shangazi." Akachovya tena.

Nyemo naye akala, kafumba macho. "Mtamu mpaka unaumiza."

Nilipoonja ndipo nilipojua. Mlenda huanikwa mbichi, lakini mgagani sharti uchemshwe kwanza, maji yale machungu yamwagwe. Mama alikuwa akiifanya kazi hiyo asubuhi, mimi nikiwa shuleni.

Shangazi akaonja. Mkono ukasimama. Akatutazama mmoja mmoja, nasi tulivyokuwa tukitafuna kwa bidii, kama ng'ombe waliopewa chumvi.

"Hii si mboga ya kila mtu," akasema. Akala mpaka akapangusa bakuli kwa kidole.

Asubuhi aliondoka peke yake. Njiani nilipomsindikiza aliniambia tu, "Masika ijayo, chemsha kwanza," akacheka mpaka akashika kiuno. Nikarudi nyumbani nikikimbia, nikiamini kwamba karanga ndizo zilizotuokoa.

Miaka ikapita, nikaenda Bahi kumuuguza. Chumbani, ubavuni mwa kitanda chake, kilikuwepo kingine kifupi, kimewambwa ngozi ya ng'ombe, cha kimo cha Nyemo wa wakati ule. Ngozi yake ilikuwa bado imekaza. Hakuna aliyewahi kukilalia. Shangazi hakujaaliwa mtoto. Nilisimama pale na bakuli la uji mkononi, nikaelewa ni nini alichokimeza siku ile pamoja na mboga yetu.