Taa ya Breki Iliyokataa Kuzima

Shemeji yangu aliweka ufunguo juu ya meza ya mwenye lori na kusema, "Tafuta dereva mwingine, Mama. Mimi hilo lori silipandi tena mpaka ile taa izime."

Ilikuwa miaka ya tisini, msimu wa mvua, katika yadi ya mahindi hapo Kitale. Kazi ile ya udereva ndiyo iliyomlisha dada yangu, mke wake, na watoto wao kule Bungoma. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Nakuru wiki hiyohiyo. Siku zile sikukaa mahali pamoja. Nikishazoea njia za mji mmoja, nilitafuta mwingine. Huko Nakuru nilikuwa nimeshika kazi ya umeme katika gereji iliyopokea malori ya mitumba kutoka Ulaya, na hapo ndipo nilipoona breki zenye kompyuta kwa mara ya kwanza. Lori la Mama lilikuwa nazo, na mle yadini hakuna aliyejua zinafanya nini.

Zilifanya hivi. Kompyuta iliangalia kila gurudumu. Gurudumu moja likianza kujifunga kwenye utelezi, iliachia hewa ya breki kidogo, ikalibana tena, ikaachia, upesi kuliko mguu wa mtu. Ukigeuza ufunguo, taa ya njano iliwaka mbele ya dereva. Lori likianza kutembea, ikazima. Taa ya lori hili haikuzima. Maana yake kompyuta ilikuwa imejitoa kazini na dereva amebaki na breki za kawaida. Kwa breki hizo shemeji, akipeleka mahindi Bungoma, alikuwa ameteremka kilima cha Sirisia kwenye matope, na mzigo mgongoni, na lori likaenda kimbavumbavu mpaka ukingo wa mtaro.

Mama, mfanyabiashara wa Kiminini ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Mkoa wa Kati, hakuona shida iko wapi.

"Si mtoe tu balbu? Ama mkate hizo waya zote. Lori letu la kwanza lilikuwa na kompyuta?"

"Mama, nipe nafasi niangalie," nikasema.

"Wewe wa Nakuru? Haya. Wale vijana wakimaliza kushona magunia na taa bado inawaka, nakata waya. Na huyu shemeji yako akaendeshe ng'ombe."

Nikakimbia kuchukua mita yangu ya sindano, ya kupimia umeme. Leo fundi anachomeka kifaa, na kifaa kinamwambia ugonjwa. Sisi tulizungusha magurudumu kwa mikono. Karibu na kila gurudumu kuna sensa, ambayo kwa kweli ni sumaku iliyozungushiwa waya, kama tulivyosoma shuleni. Ndani ya gurudumu kuna pete ya chuma yenye meno, inayozunguka nalo. Meno yakipita mbele ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa, na kwa huo kompyuta inajua gurudumu linazunguka. Tukapiga jeki gurudumu la kwanza, nikaunga mita, shemeji akalizungusha.

"Inacheza!" nikapiga kelele.

La pili likacheza. La tatu likacheza. La nyuma kulia, sindano ikalala kimya.

"Sensa imekufa," shemeji akasema.

Nikaihamishia upande wa kushoto. Ikacheza vizuri kabisa! Nikaleta ya kushoto huku kulia. Kimya. Wapakiaji walianza kuacha shughuli zao na kutuzunguka, kila mmoja na ushauri wake. Magunia yasiyoshonwa yalikuwa yamebaki machache.

"Ngoja," shemeji akasema, akijifuta tope usoni. "Si hili ndilo lililotengenezwa Kiminini, ile siku beringi ilivunjika?"

Tuliling'oa gurudumu mbiombio, tukavuta na habu, kile kitovu chake cha chuma. Pale palipopaswa kuwa na pete ya meno palikuwa laini kama sahani.

Mama akainama, akachungulia, akamwita Mungu kwa Kikuyu. "Ngai! Mimi nilinunua lori lenye meno, mkanirudishia kibogoyo!"

Yadi nzima ikacheka. Yeye mwenyewe akawaambia washonaji wapumzike, akatuazima pikapu yake, tukaikimbiza mpaka Kiminini. Fundi wa huko, mzee mchangamfu mwenye aproni ya ngozi, hakukana.

"Hayo meno niliyaona, bana. Lakini hayagusi kitu! Meno gani hayo hayaumi? Nikaona ni urembo wa Wazungu, nikaweka habu nyingine isiyo nayo."

"Na ile ya kwanza?" nikauliza.

"Ilipasuka. Hiyo hapo, napondea vyuma juu yake."

Pete ilikuwa bado imeshika chini yake, nzima! Akaigongagonga taratibu mpaka ikatoka, akapanda nyuma ya pikapu pamoja nasi bila kuombwa.

Pete kama hiyo huingia ikiwa ya moto tu, chuma kikiwa kimepanuka. Tukaiweka kwenye makaa ya muuza chai wa yadini.

"Ati leo tunakunywa supu ya pete?" mpakiaji mmoja akalalamika.

Tuliishika kwa koleo, mimi upande huu, fundi upande ule. Ikipoa imeinama, basi imekwisha. "Sasa!" akasema, tukaiachia juu ya habu. Ikakaa sawasawa. Tukarudisha kila kitu, nikasukuma sensa mpaka ikagusa meno, shemeji akazungusha, na sindano ikaruka.

Lakini taa haidanganywi na sindano. Shemeji alichukua ufunguo kwa Mama, akapanda. Njano ikawaka. Lori likasogea, nami nikakimbia ubavuni nikiwa nimeng'ang'ania mlango, macho kwenye dashibodi.

Ikazima.

Shemeji akapiga honi ndefu, nami nikajivuta ndani. Akaenda mpaka kwenye nyasi zilizolowa mwisho wa yadi, akaongeza mwendo, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Tsi-tsi-tsi-tsi! Hewa ikapumua chini yetu na lori likasimama limenyooka. Akarudia. Akarudia tena, akicheka kama mtoto.

"Unanimalizia mafuta!" Mama akafoka, akija mbio na viatu mkononi. Akafungua mlango, akajivuta juu, akakaa. "Hebu nione na mimi."

Akaonyeshwa. Tsi-tsi-tsi-tsi!

"Haya, Mama, shuka tupakie," shemeji akasema. "Bungoma ni mbali, na mvua inakuja."

"Mara moja tu," Mama akasema, akashika dashibodi kwa mikono miwili.