Mtani Aliyekaribishwa Aibe

Hidaya Luqmani hamwamini mtu anayemsifia. Ni Mluguru wa Mgeta, na sasa anasomea shahada ya uzamivu ya fizikia Morogoro mjini. Mtambo wake hutuma siri kwa chembe moja moja za mwanga ndani ya faiba, uzi mwembamba wa kioo. Anayechungulia njiani huzivuruga, na makosa huonekana kwenye skrini ya mpokeaji. Hospitali moja ilitaka kuutumia kulinda majibu ya vipimo vya wagonjwa. Kufikia Ijumaa ilibidi Hidaya aseme kwamba uko salama, au aachane na kazi yake ya miaka mingi.

Wenzake walijaribu kuiba siri hiyo, wakashindwa, wakampongeza. Hakuridhika. Akamwita Alois, Mnyamwezi anayesoma naye. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, na mtani hakuonei haya.

Jumatatu Alois alijifungia katika chumba kilicho kati ya mtumaji na mpokeaji, inamopita faiba. Mchana akapiga simu, akamsomea Hidaya siri yake tarakimu kwa tarakimu.

"Mluguru wewe, hata ndizi zenu mnazilinda kuliko hivi."

Skrini haikuwa imeonyesha kosa lolote. Alois alizipokea chembe mwenyewe, akakipofusha kwa mwanga mkali kigunduzi cha Hidaya, kifaa kinacholia kila chembe inapofika, kisha akakiliza kila alipotaka, kulingana na alichokwisha kusoma.

Nilipomtembelea Hidaya kesho yake ili niandike habari za mtambo wake, chai yake ilikuwa imepoa mezani. Alikuwa akipitia rekodi za Jumatatu, na hapo ndipo alipoona. Kigunduzi kinachofanya kazi vizuri hakitulii. Hata gizani hulialia bila sababu, kero aliyoilalamikia tangu aanze. Alois alipokuwa kazini, kero hiyo ilikoma. Hidaya alikumbuka kwamba alifurahi, akidhani mtambo umetulia.

Akauelekeza mtambo ufunge njia kila vilio hivyo vinapokoma.

Alhamisi Alois akarudi. Alipowasha mwanga wake, njia ikafungwa. Akaupunguza, kigunduzi kikaona tena na makosa yakajaa kwenye skrini. Alasiri alitoka amelowa jasho.

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Ulikinyamazisha mno."

Hidaya akakaa juu ya boksi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaipigia simu hospitali, akaeleza tundu alilolipata na jinsi alivyoliziba. Akasema huenda yapo mengine, hivyo wamruhusu Alois awe anakuja kuyatafuta. Wakakubali.

Alipokata simu, Alois alikuwa anamalizia wali wa Hidaya bila hata kuomba, kama mtani. Hidaya akamsogezea na maji.