Salamu ya Mwanamke wa Shaba

Nakiri nilisimama pale katikati ya mji ili nilaani, maana sisi walokole na sanamu hatupatani. Jumba la makumbusho lilikuwa limenunua sanamu ya mwanamke wa shaba, mrefu kama ghorofa, amepiga magoti kama mama zetu wanavyosalimia. Kreni ilikuwa inamshusha kwenye saruji mbichi, uso ukielekea ukuta wa benki.

Muuza mananasi akaacha kisu. "Ssebo, bwana fundi, huyo anamsalimia nani? Watu tuko huku!"

"Nnyabo, mama, ramani inasema hivyo," fundi akajibu.

"Ramani haina mama? Saruji ikikauka, atatupa mgongo mpaka Yesu arudi. Mgeuze!"

Fundi akakuna kichwa, akapiga simu, kisha akazungusha mkono. Kreni ikamgeuza polepole.

Muuza mananasi akajifuta mikono, akaitikia salamu. Mungu anisamehe, na mimi niliitikia.