Maji ya Baraka na Picha ya Baba Mkubwa

Chekeni tu, nimeshazoea, maana hapa Kirushya hata watoto wakiniona nimebeba kamera wananiuliza kama leo kuna mvua.

Na yote niliyataka mwenyewe. Nilikwenda Biharamulo mjini kununua printa ya kutolea picha nyumbani (nilichoka kutuma kazi za wateja mbali na kungoja wiki nzima), na muuzaji, mama mmoja mtaratibu, akanieleza vizuri kabisa, "Kama ni picha za kutundika, chukua hii, wino wake ukikauka haujali maji. Hiyo nyingine ni ya barua na mitihani." Mimi kwa mdomo wangu huu nikamjibu, "Mama, mimi ni mpiga picha, usinifundishe kazi," nikabeba hiyo nyingine kwa sababu ni rahisi na rangi zake zinang'aa.

Mwezi haukuisha, baba mkubwa akafariki. Ndiye aliyenilea, na alikuwa mtu wa kukimbia kamera, maisha yake yote aliacha kapicha kamoja tu, ka kitambulisho. Mama mkubwa, mjane wake, akanikabidhi kwa mikono miwili, "Mwanangu, mkuze baba yako nibaki naye." Nikamkuza, akatoka na sharubu zake zote, nikamtia kwenye fremu bila kioo, maana (jamani, ujuaji!) niliona kioo kitaficha kazi yangu. Mama mkubwa alipoipokea alilia, kisha akachukua kale kadogo akakaweka katika mfuko wa koti la marehemu, ndani ya jeneza. "Aende nako, mimi ninaye huyu."

Kaburini, kule migombani nyuma ya nyumba, picha ikasimamishwa kwenye kiti kando ya jeneza, na mimi nikajibanza hapohapo ili watu wajue ni kazi ya nani. Padri akachovya tawi kwenye maji ya baraka, akanyunyizia kaburi, akanyunyizia jeneza, akamnyunyizia na baba mkubwa kwenye fremu. Mara jicho likaanza kuchuruzika wino wa zambarau hadi shavuni. Mama mmoja wa kwaya akapiga ukelele, "Yesu na Maria, mzee analia!" Wengine wakapiga magoti, wengine wakarudi nyuma, na mimi badala ya kutulia nikachomoa leso nikamfuta. Sharubu zikatoka zote. Nikafuta tena nirekebishe, pua nayo ikaenda.

"Acha," Padri akaninong'oneza. "Acha kabisa, kijana."

Nyuma yangu watu wakacheka. Mazikoni! Niliwachukia wote, na hakuna aliyestahili chuki ile zaidi yangu.

Msiba ulipoisha nikarudi kwa yule muuzaji, kichwa chini, nikachukua printa aliyoniambia. Nakala nilikuwa nayo kwenye kompyuta, nikamtoa baba mkubwa upya, mzima, safi, nikampelekea mama mkubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaitazama picha, muda mrefu, akanirudishia. "Ni nzuri. Kaa nayo wewe, uwaonyeshe wateja. Yangu ni ile iliyobarikiwa."

Siku hizi kila picha naimwagia maji mbele ya mteja kabla hajaipokea, na muuzaji akinieleza jambo nafunga mdomo. Lakini ile isiyo na pua bado iko ukutani kwa mama mkubwa, na Jumapili nikienda kula kwake nakaa kiti cha kuipa mgongo.