Nyekundu Iliyozidishwa Thina

Mimi ni fundi rangi wa magari. Pua yangu iliuawa zamani na thina, ile dawa kali ya kuzimulia rangi, lakini mdomo, kwa bahati mbaya, ni mzima wa afya.

Jumapili mkwe wangu, mume wa binti yangu wa kwanza, alituletea mvinyo mwekundu wa zabibu za grenashi. Akanimiminia. "Nusa kwanza, baba. Utasikia stroberi, na pilipili manga kwa mbali."

Nilinusa, sikusikia kitu. "Naam, stroberi zimeiva kweli," nikasema, na stroberi yenyewe sijawahi kuiona ila kwenye karatasi ya peremende.

Kisha nikainua glasi dirishani, kama ninavyokagua mlango wa gari. Vidole vyangu vikaonekana upande wa pili. Hapo nikajiona bingwa.

"Mwanangu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Hii imezidishwa thina! Nyekundu ya kweli, ukiipiga mara moja tu, imefunika."

"Grenashi ndivyo ilivyo, baba. Rangi yake nyepesi, lakini nguvu zake si mchezo."

Nikacheka. Nani wa kunifundisha mimi wekundu? Nikaigida kama maji, nikaomba nyingine, na nyingine. Niliposimama kueleza kosa la mtengenezaji, miguu ikagoma. Mkwe akanidaka kwapani.

Mke wangu hakuinuka hata kitini. "Mwegemeze ukutani taratibu, mwanangu," alisema. "Huyo rangi yake bado mbichi."